Msizike Kesi Pamoja na Dereva

Gari likianguka kati ya Mto wa Mbu na Karatu, hukumu hufika kabla ya trafiki. Majeruhi hawajashushwa hospitalini, na tayari vijiweni jibu limeshapatikana: dereva alikuwa na mwendokasi, dereva alisinzia, dereva alikunywa. Akiwa amefariki, kazi inakuwa nyepesi zaidi, kwa sababu marehemu hajitetei. Jioni taarifa ya habari husoma maneno tuliyoyazoea, "uzembe wa dereva", na huku Endabash, wilayani Karatu, tunazima redio tukiamini kwamba tumeelezwa kilichotokea.

Mara nyingi hatujaelezwa kitu. Tumepewa jina la mtu wa kumlaumu, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kupewa chanzo cha ajali.

Wilaya hii haihitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Tarehe 6 Mei 2017, pale Rhotia Marera, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lililokuwa likiwaleta wanafunzi wa darasa la saba Karatu kufanya mtihani wa majaribio lilitumbukia korongoni. Walikufa watoto 32, walimu 2 na dereva wao. Siutaji msiba ule ili nitafute mtu mwingine wa kubebeshwa lawama. Nautaja kwa sababu asije mtu akatuambia sisi wa Karatu kwamba usalama wa vyombo vya usafiri ni mjadala wa wasomi wa mijini.

Hoja yangu ni hii. Gari, ndege, treni na mnara wa simu wa leo havimtii binadamu moja kwa moja. Katikati yupo mtu wa tatu asiyeonekana, naye ni programu ya kompyuta iliyofungiwa ndani ya chombo, inayoamua breki ishike lini, injini ipewe mafuta kiasi gani, mkia wa ndege uinuke au ushuke. Programu hiyo ikikosea, haiachi alama kama tairi lililopasuka. Inaacha maiti, na inaacha dereva au rubani wa kusingiziwa. Kwa hiyo kosa la mtu liwe swali la kwanza la uchunguzi, lisiwe jibu la mwisho. Na nchi iliyokubali kubebwa na mashine za namna hii ijipatie haki na uwezo wa kuzifungua na kuzisoma.

Najua ninaopingana nao ni wengi, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza wanasema: wewe unawatetea wahuni. Madereva wetu wanaovateki kwenye kona, wanapakia kupita kiasi, wanaendesha usiku kucha bila kulala. Kweli kabisa. Ajali nyingi barabarani zinaanzia hapo, na anayefanya hayo ashtakiwe. Lakini kwamba wengi hukosea hakumaanishi kila aliyekufa akishika usukani alikosea. Daktari anayejua kuwa homa nyingi za msimu wa mvua ni malaria bado hupima damu. Asipopima, siku ugonjwa ukiwa mwingine, mgonjwa atakufa huku akimezeshwa dawa ya malaria. Polisi na wachunguzi wetu wa ajali wanatakiwa kupima damu ya gari. Leo hawaipimi, na wengi wetu hatujui hata kwamba gari lina damu ya kupimwa.

Tuanze na chombo tunachokipanda kila siku. Land Cruiser kuukuu yenye injini ya 1HZ, ile ambayo mafundi wa magari ya watalii wanaipenda, ina pampu ya dizeli inayofanya kazi kwa vyuma vitupu. Fundi anaifungua, anaona kilichokatika, anakibadilisha. Toyota Noah nyingi zinazotoka Japani sasa ni kitu kingine. Pedali ya mafuta haivuti waya. Chini yake kuna sensa inayopeleka umeme kwenye kompyuta ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi, na kontroli boksi ndiyo inayofungua njia ya hewa ya injini. Dereva anaomba na kompyuta inatoa. Breki za ABS nazo zina sensa kwenye kila gurudumu. Kompyuta ikiona gurudumu limejifunga na kuanza kuburuza, inaachia breki na kuibana tena mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoiweza. Begi la hewa linaamuliwa na kompyuta nyingine, nayo ina nafasi ya sehemu ndogo tu ya sekunde kutambua kama hili ni gogo la njiani au ni ajali ya kuua.

Sasa angalia tunavyozitunza kompyuta hizo. Katika gereji moja nimeona kwa macho yangu Noah ya abiria ikiletwa huku taa ya ABS ikiwaka kwenye dashibodi. Mwenye gari hakuuliza kwa nini inawaka. Alitaka isionekane, kwa sababu ukaguzi ulikuwa karibu. Fundi alifungua skrubu za dashibodi, akaivuta nje, akaziba kitaa kile kwa kipande cha seloteepu nyeusi, akarudisha kila kitu mahali pake. Gari likawashwa, dashibodi ikawa safi, pesa ikalipwa. Dereva atakayekabidhiwa Noah ile kesho yake hataambiwa. Atashuka mteremko wenye utelezi akiamini ana breki za ABS ambazo kompyuta imeshazizima. Akianguka, nani atasema neno "seloteepu"? Taarifa itasema uzembe wa dereva.

Simlaumu fundi yule kama mtu mbaya. Hana mashine ya kupimia inayosoma kompyuta ya gari lile kwa ukamilifu, vitabu vya gari viko kwa Kijapani, na hakuna chuo kilichomwita kumfundisha. Alifanya kile ambacho sisi wote tumekubali kuwa kinatosha: taa ikizimika, gari limepona. Taa ile ilikuwa ndiyo sauti pekee ya programu kwa binadamu, nasi tumeigeuza kuwa kero ya kunyamazishwa.

Kundi la pili la ninaopingana nao linasema: kompyuta hizo zimekaguliwa na wenzetu huko zilikotengenezwa, sisi ni nani hata tuzitilie shaka? Imani hii ndiyo iliyo hatari kuliko zote, na Afrika Mashariki imekwisha kuilipia kwa damu.

Tarehe 10 Machi 2019, saa 2:38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 iliruka kutoka Bole, Addis Ababa, kwenda Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 MAX 8, mpya. Ndani yake walikuwa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya, kundi kubwa kuliko la taifa lingine lolote. Rubani mkuu, Yared Getachew, alikuwa na umri wa miaka 29, mama yake Mkenya, na alikuwa amekwisha kuruka zaidi ya saa 8,000. Msaidizi wake, Ahmednur Mohammed Omar, alikuwa na miaka 25. Baada ya kama dakika 6 ndege ilijizika ardhini karibu na Bishoftu. Hakupona mtu.

Dakika hizo 6 zinastahili kutazamwa moja moja. Mara tu ndege ilipoinuka, sensa ya upande wa kushoto inayopima jinsi pua ya ndege inavyokutana na upepo ilianza kusoma uongo. Ilisema nyuzi 74.5, wakati sensa ya kulia ilikuwa ikisoma nyuzi kama 15. Hakuna ndege ya abiria inayoruka kwa nyuzi 74.5. Lakini ndani ya kompyuta kulikuwa na programu iitwayo MCAS, iliyowekwa kwa sababu injini za MAX ni kubwa na zimesogezwa mbele. Kazi yake ilikuwa kuishusha pua pale inapoinuka kupita kiasi. Na programu hiyo ilisikiliza sensa moja tu kati ya mbili zilizokuwepo. Haikuuliza ya pili. Marubani walipokunja vibawa vidogo vya kupaa, MCAS ikaamka na kuusukuma mkia kwa sekunde 9 ili pua ishuke. Marubani wakairudisha juu kwa vidole. MCAS ikaisukuma tena. Ahmednur akasema wakate umeme wa mkia, kama maelekezo ya mtengenezaji yalivyosema, na rubani mkuu akakubali. Wakakata. Wakajaribu kuzungusha gurudumu la mkono ili waunyooshe mkia, lakini kwa kasi ile upepo ulikuwa umelibana na halikugeuka. Wakawasha umeme tena ili waombe msaada wa mota. MCAS ikaamka mara ya mwisho. Sekunde chache baadaye kurekodi kukakoma.

Miezi michache nyuma, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imezama baharini kwa namna hiyohiyo karibu na Jakarta, ikiua watu 189. Jumla ya wafu ni 346. Na hukumu ilikwendaje? Mwezi Mei 2019, katika kikao cha Bunge la Marekani, mbunge Sam Graves alisema kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeimudu hali ile. Uzembe wa dereva, kwa Kiingereza. Kijiweni kwetu na kwenye ukumbi ule wa Washington, sentensi ilikuwa moja.

Uchunguzi ulipofunguka, mambo mengine yalitoka. Nyaraka za awali zilizopelekwa kwa wakala wa usafiri wa anga wa Marekani, FAA, zilisema MCAS ingeusogeza mkia kwa nyuzi 0.6. Programu iliyoingizwa kwenye ndege ilikuwa inaweza kuusogeza nyuzi 2.5 kwa mkupuo mmoja, kisha kurudia. Vitabu vya marubani havikuitaja MCAS. Taa ya kumwonya rubani kwamba sensa mbili zinatofautiana haikufanya kazi katika ndege nyingi, kwa sababu programu iliifunga kwenye kifaa cha nyongeza ambacho mashirika mengi hayakukinunua. Boeing iligundua kasoro hiyo mwaka 2017 na ndege zikaendelea kuruka. Na sehemu kubwa ya ukaguzi wenyewe FAA iliikabidhi kwa wafanyakazi wa Boeing. Hao ndio "wenzetu waliokwisha kukagua". Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili kumaliza shtaka la kula njama ya kuwalaghai wakaguzi hao.

Wapo watakaonijibu kwamba ripoti ya mwisho ya Ethiopia ya Desemba 2022 ilipingwa. Ni kweli. Wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walisema sensa ile iliharibika kwa kugongwa, huenda na ndege wa porini, na kwamba mwenendo wa marubani ulistahili kuchambuliwa zaidi. Tuchukue yote hayo kama yalivyo. Je, yanabadilisha nini? Ndege wa porini hugonga ndege za abiria kila mwaka duniani kote. Chombo ambacho ndege mmoja mwenye manyoya akivunja sensa moja kinageuka kuwa kaburi la watu 157 kina kosa katika fikra ya aliyekibuni, hata kama rubani angekuwa malaika. Kosa la rubani, likiwepo, lilianzia pale programu ilipomnyima ukweli na kumpa sekunde chache za kubahatisha.

Kilichowaokoa Yared na Ahmednur wasizikwe na jina la uzembe ni kumbukumbu ya mashine. Visanduku vyeusi vilichimbuliwa shambani. Ethiopia haikuwa na vifaa vya kuvisoma, ikavipeleka Ufaransa, na ndani ya siku chache mfanano na ajali ya Lion Air ukaonekana wazi. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri wa usafiri wa Ethiopia akasimama mbele ya dunia na kusema marubani wake walifuata hatua walizoelekezwa na mtengenezaji. Nchi ya Kiafrika ilibishana na kampuni kubwa kuliko bajeti yake, na ilikuwa na ushahidi mkononi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika zama hizi haki ya mnyonge inakaa ndani ya kompyuta, na asiyeweza kuisoma hawezi kuidai.

Sasa lijibiwe swali hili: dereva wa Noah wa Karatu ana kisanduku gani? Kilichopo kwenye mabasi ni VTS ya LATRA, mfumo wa kufuatilia magari kwa satelaiti na mtandao wa simu, pamoja na kitufe cha kumtambulisha dereva. Kazi yake kuu ni kueleza basi liko wapi, linakwenda kasi gani na nani anaendesha. Naiunga mkono, na wanaoichakachua wachukuliwe hatua. Lakini tazama tulichokifanya kama taifa. Tumenunua programu ya kumchunga mtu na hatukununua ya kuichunga mashine. VTS itakuambia basi lilikuwa kwenye kilomita 92 kwa saa mteremkoni. Haitakuambia kama dereva alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zote na breki zikamkatalia. Ushahidi wa namna hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo siku zote inaelekea upande mmoja, wa kumtia dereva hatiani.

Wenye Toyota, yaani sisi karibu wote, tuna somo letu. Mwaka 2007 huko Oklahoma, Marekani, gari aina ya Camry la mwaka 2005 lilikwenda kasi bila dereva kutaka. Dereva, mama mtu mzima, alivuta breki ya mkono mpaka matairi yakachora lami, na bado gari likagonga. Abiria wake alikufa. Kwa malalamiko ya aina hiyo jibu lililozoeleka lilikuwa: umekosea pedali. Mwaka 2011 wataalamu wa NASA walisema hawakupata ushahidi kwamba umeme wa magari ya Toyota ndio chanzo. Lakini katika kesi ya Oklahoma wataalamu wa upande wa walalamikaji waliruhusiwa kuisoma programu yenyewe, mstari kwa mstari, ndani ya chumba chenye ulinzi. Michael Barr, aliyewaongoza, alieleza mahakamani namna tarakimu moja tu ikigeuka ndani ya kumbukumbu ya kompyuta inavyoweza kuiua kazi inayosimamia mafuta, wakati mlinzi wa ndani aliyetakiwa kugundua haoni kitu. Oktoba 2013 baraza la wazee wa mahakama lilikubaliana na walalamikaji na kuamuru fidia ya dola milioni 3. Sisemi kila Toyota ina ugonjwa huo, wala sisemi mjadala wa wataalamu umekwisha. Ninasema mama yule alisikilizwa kwa sababu mtu alipewa ruhusa ya kufungua boksi. Angekuwa Njiapanda ya Karatu, angekufa na hatia yake.

Na asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya zamani yaliyokwisha kurekebishwa. Mwaka 2015 FAA ilitangaza kwamba Boeing 787 ikiwashwa umeme siku 248 mfululizo, kihesabu cha muda ndani ya kompyuta za jenereta hujaa, na jenereta zote zinaweza kuzimika kwa pamoja, hata angani. Mwaka 2020 likatoka agizo jingine: 787 izimwe umeme wote na kuwashwa upya kabla ya siku 51, la sivyo marubani wanaweza kuonyeshwa taarifa zilizopitwa na wakati kana kwamba ni za sasa. Wakati agizo hilo linatoka, Air Tanzania ilikuwa na 787 mbili. Tangu Oktoba 2023 ina pia 737 MAX 9. Siandiki haya kumtisha abiria asipande. MAX zilirekebishwa kabla ya kuruhusiwa kuruka tena Novemba 2020, na ndege bado ni chombo salama kuliko barabara yoyote ya mkoa huu. Usalama huo unatokana na desturi ya kuishuku programu, kuichimba kila siku na kutangaza kosa likipatikana. Sisi tumenunua ndege, na desturi hiyo tumeiacha dukani.

Kundi la tatu ni la jirani zangu, na ndilo linaloniuma zaidi. Wanasema: Endabash tuna vumbi kiangazi na tope masika, zahanati haina dawa za kutosha, mahindi hayana bei, wewe unatuletea habari za programu? Ninawajibu kwa habari ya mama mjamzito. Tangu 2022 serikali na washirika wake wameeneza mikoani mfumo wa m-mama. Mama akipata uchungu wenye matatizo, inapigwa namba 115 bila malipo. Anayepokea anaongozwa na programu ya kompyuta kuchagua apelekwe wapi na kwa chombo gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anaitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, na malipo yake yanapitia simu. Hesabu vilivyosimama kati ya mama yule na kaburi: mnara, betri na kompyuta za mnara, mitambo ya kampuni ya simu, kompyuta ya kituo, na kompyuta ya Noah itakayopita kwenye tope usiku. Mnara wa simu wa kijiji ni sehemu ya wodi ya wazazi. Mtandao ukikata, kijijini hausimami muziki peke yake.

Na mitandao hukata kwa sababu za programu. Tarehe 6 Desemba 2018 mamilioni ya wateja wa kampuni ya O2 nchini Uingereza, na wengine wa SoftBank nchini Japani, walikaa bila mawasiliano ya data kwa saa nyingi. Chanzo kilikuwa cheti cha kidijitali ndani ya programu ya mitambo ya Ericsson: muda wake ulikwisha na hakuna aliyekumbuka kukihuisha. Hakuna kebo iliyokatwa wala mnara ulioanguka. Ilipita tarehe kwenye kalenda, basi. Mitambo ya Ericsson na ya kampuni za aina yake ndiyo inayojenga mitandao ya Afrika. Ndiyo maana sikubali uhaba wa lami uwe sababu ya kutojali programu. Palipo na barabara mbovu na hospitali ya mbali, simu moja isiyopokelewa inaua haraka zaidi kuliko Dar es Salaam, ambako mgonjwa anaweza kupakiwa bajaji.

Wa mwisho ni wanaosema hatuna uwezo. Huu ni uvivu uliovaa nguo za unyenyekevu. Kule Tengeru, kabla hujaingia Arusha mjini ukitoka Moshi, Taasisi ya Nelson Mandela ina shahada ya uzamili katika kompyuta zinazowekwa ndani ya vyombo na mifumo ya simu, na imekusudiwa kwa vijana wa Afrika Mashariki nzima. Chuo cha Ufundi Arusha kipo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege. Kinachokosekana ni mteja wa elimu hiyo. Polisi hawamwiti mhitimu wa Tengeru kwenye eneo la ajali, bima haimwiti, mahakama haimwiti. Tunawahimiza vijana watengeneze programu za simu za kuuza chakula na kutaniana, kwa sababu zinaonekana upesi. Kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba breki itashika hata kama sensa imedanganya tunaiita kazi ya Wazungu.

Kazi hiyo ina kanuni zinazojulikana. Katika ndege kuna kanuni ya DO-178C inayopanga programu kwa madaraja, kuanzia A, ambayo kosa lake laweza kuangusha ndege, hadi E, ambayo kosa lake halina athari kwa usalama. Katika magari kuna ISO 26262, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2011. Msingi wa zote unaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuwa mhasibu wa ushirika: kila mstari wa programu uwe na sababu iliyoandikwa, kila sababu iwe na jaribio, kila jaribio liwe na kumbukumbu, na anayekagua asiwe yule aliyeandika. MCAS iliua kwa sababu misingi hiyo ilipindishwa: hatari ilipewa daraja dogo kuliko lilivyostahili, na mkaguzi akawa mtu wa nyumba moja na mkaguliwa. Mhasibu wa ushirika angefukuzwa kwa hayo.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na yote yanawezekana bila kusubiri kizazi kingine. Kwanza, kila ajali ya barabarani iliyoua, kompyuta za gari zisomwe kabla gari halijaburutwa kwenda kuuzwa skrapa, na kilichosomwa kiwekwe kwenye jalada la kesi. Pili, gari la mtumba linapoingia nchini, Shirika la Viwango likague kompyuta za breki na za begi la hewa, na namba ya chesi ilinganishwe na orodha za watengenezaji za magari yaliyoitwa kurekebishwa. Wito hutumwa kwa mmiliki wa Japani, nao hauvuki bahari pamoja na gari. Tatu, serikali inaponunua ndege, treni kama hizi za SGR au mitambo ya mawasiliano, mkataba uandike kwamba ajali ikitokea wachunguzi wetu wana haki ya kuiona programu na ushahidi wa majaribio yake, na asiyekubali asipewe zabuni. Nne, VETA na vyuo vya ufundi vimfuate fundi wa Karatu gerejini kwake na mashine ya kupimia na mafunzo kwa Kiswahili, na kufunika taa ya onyo kwenye gari la abiria liwe kosa la jinai kwa mwenye gari aliyeamuru.

Gharama zipo. Lakini leo tayari tunalipa, na anayelipa ni mjane anayeambiwa mumewe aliua watu, mtoto anayechekwa shuleni kwa sababu baba alikuwa "dereva yule", na abiria wa kesho atakayepanda gari lingine lenye kasoro ileile ambayo hakuna aliyeitafuta. Mkenya mmoja aliyepoteza mke, watoto watatu na mama mkwe katika ndege ile ya Ethiopia alikwenda Washington Julai 2019 kuwaambia wabunge wa Marekani usoni kwamba kuwasukumia marubani lawama kulikuwa kukwepa wajibu. Hakuwa mhandisi. Alikataa tu kupewa jibu la haraka badala ya ukweli.

Nasi tukatae. Kamanda akisimama mbele ya kamera na kutamka uzembe wa dereva, mwandishi wa habari, diwani, mzee wa kijiji, yeyote aliyepo, amuulize maswali matatu: Kompyuta ya gari imesomwa? Nani aliisoma? Ilisema nini? Akikosa majibu, basi uchunguzi haujafanyika, na neno uzembe linamhusu mtu mwingine kabla halijamfikia marehemu.